Mradi Hufia Wapi Kabla ya Baraza

Mkazi wa Chamazi anayesubiri kikao cha Baraza la Madiwani la Temeke ndipo adai zahanati iingizwe kwenye bajeti ameshachelewa. Siku hiyo kabrasha la bajeti limeshapita mikono mingi.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mradi huibuliwa miezi mingi nyuma, kwenye mkutano wa mtaa. Unapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Halafu wakuu wa idara wanakadiria gharama, menejimenti ya manispaa inachuja, ndipo Kamati ya Fedha na Uongozi inakaa. Hapa ndipo penye uzito. Meya ndiye mwenyekiti, na kamati hukutana kila mwezi, ilhali baraza la kawaida hukutana kila robo mwaka. Zahanati ikiondolewa hapa, diwani atalazimika kuipigania mbele ya wenzake ambao nao wana kata zao.

Meya huchaguliwa na madiwani. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, huteuliwa na Rais, na ofisi yake ndiyo inayoandaa kabrasha. Kwangu huu ndio udhaifu mkubwa kuliko yote: diwani anayepewa takwimu zikiwa zimechelewa hana namna ya kuzihoji, hata awe hodari vipi. Jiji la Dar es Salaam, ambalo Temeke ni sehemu yake, limewahi hata kuendeshwa bila madiwani. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, hadi manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke zilipoanza mwaka 2000.

Madaraka ya madiwani yamezidi kupungua tangu hapo. Barabara za mitaa zilihamia kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) mwaka 2017, kwa hiyo diwani wa Bunju, Kinondoni, anayeulizwa kuhusu mashimo hana fungu la kuyaziba. Anachoweza ni kumbana meneja wa wakala. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, badala ya kukusanywa na manispaa. Hata sheria ndogo ya ushuru wa soko, baraza likishaipitisha, husubiri idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa (TAMISEMI).

Kinachobaki mikononi mwa madiwani ni mapato ya ndani, na mgawanyo wake hujadiliwa kwenye Kamati ya Fedha. Diwani wa Chamazi aulizwe mapema: jina la zahanati yetu limo kwenye makadirio ya idara ya afya, au liliishia kwenye muhtasari wa kata?