Gita Govinda: Utungo Usiotosheka kwa Kusomwa

Ziko tungo ambazo mhakiki akizisoma kwa macho tu huzidhulumu. Mojawapo ni Gita Govinda, iliyotungwa kwa Kisanskriti na Jayadeva katika karne ya 12, mashariki mwa Bara Hindi. Wasomaji wengi wamejiuliza kama utungo huu ni wa mapenzi au wa ibada. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halijibiki pasipo kuuangalia muziki wake.

Kisa chake ni chepesi. Krishna, Mungu katika umbo la kijana mchungaji, anacheza na wasichana msituni wakati wa machipuko. Mpenzi wake Radha anaona wivu, anajitenga. Shoga yake Radha anakwenda na kurudi akipeleka maneno ya pande mbili. Hatimaye Krishna anajuta, anaomba radhi, na wapendanao wanapatana. Hayo yote yamo katika sura 12 zenye nyimbo 24.

Kwa upande wa fani, Jayadeva alichanganya namna mbili za utunzi. Beti za kusimulia zinafuata bahari za kale za Kisanskriti, zisizodai vina. Nyimbo, kinyume chake, zina vina vya mwisho na kibwagizo, jambo linalozikaribisha na tungo za lugha za watu wa kawaida wa zama zile. Nyimbo nyingi zina beti nane, ndiyo sababu zikaitwa ashtapadi. Aidha, miswada huutajia kila wimbo raga yake, yaani utaratibu wa sauti unaoongoza mahadhi, na tala yake, yaani mzunguko wa mapigo. Wimbo wa machipuko, kwa mfano, umewekewa raga iitwayo Vasanta, jina la majira hayohayo.

Sasa tukitazame kibwagizo. Katika wimbo mmoja Radha analalamika juu ya mpenzi anayecheza na wengine, lakini kibwagizo chake kinasema kwamba moyo wake unamkumbuka Hari. Hari ni jina la Mungu litajwalo katika sala. Beti zinasonga mbele na wivu. Kibwagizo kinamrudisha mwimbaji kwenye jina lile lile. Likirudiwa baada ya kila ubeti, lalamiko la mpenzi linageuka dhikiri. Kwa hiyo mapenzi hayakuwekwa kama pazia la kufunika ibada. Mambo haya mawili yanatamkwa kwa pumzi moja.

William Jones, aliyeufasiri utungo huu kwa Kiingereza mwaka 1792, aliutia katika nathari, na akakiri kuwa aliacha vifungu alivyoviona vimepita kiasi kwa wasomaji wa Ulaya. Hivyo mapenzi yalipunguzwa, na wimbo ukapotea. Waimbaji wa mahekalu hawakuona haja ya kupunguza. Katika hekalu la Jagannath huko Puri, maandishi ya mwaka 1499 ya mfalme Prataparudra yaliamuru Gita Govinda iimbwe mbele ya Mungu. Kusini, katika mahekalu ya Kerala, ashtapadi huimbwa kando ya ngazi za chumba kitakatifu, kwa ngoma ndogo iitwayo idakka.

Huenda mtu akapinga kwamba mahadhi ya Jayadeva mwenyewe hayakuhifadhiwa. Majina ya raga yamebaki, lakini Odisha na Kerala haziimbi kwa namna moja. Ni kweli. Hata hivyo, vina, mapigo na marudio vimo ndani ya maneno yenyewe, na hivyo havikupotea.

Wachapishaji wengi, kwa kubana nafasi, huandika kibwagizo mara moja tu, na msomaji hukiruka. Nasi walimu tumezoea kufanya hivyo darasani. Kwa utungo huu, kukiruka kibwagizo ni kumwacha Radha na wivu wake tu, na kumnyima sala yake.