Kupima Mnara wa Ufalme Usiokuwepo

Kwenye karatasi mawe ni bure. Mwandishi akitaka sanamu ya kugusa mawingu, anaiandika tu, na hakuna mwashi atakayemdai ujira. Kwa hiyo ukisoma riwaya yenye himaya ya kubuni, urefu usikubabaishe. Pima haya matatu. Tutumie Gondor, ufalme alioubuni J. R. R. Tolkien katika The Lord of the Rings, iliyotoka 1954 na 1955.

Kwanza, kazi ya jengo. Jengo lililobuniwa vizuri lina sababu ya kusimama pale lilipo. Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, ni mji wa matabaka saba yanayopanda mlima, kila tabaka na ukuta wake. Malango hayakupangwa mstari mmoja: la kwanza linatazama mashariki, la pili kusini mashariki, la tatu kaskazini mashariki, na kuendelea vivyo hivyo kwa kupokezana. Anayepanda hana budi kupinda huku na huku. Hofu ya wajenzi unaisoma katika njia yenyewe, hata kabla vita haijafika.

Pili, umri wake. Kila kitu kikiwa kipya, fundi alikuwa mvivu. Argonath ni sanamu mbili kubwa za wafalme kwenye mto Anduin. Kila moja imeinua mkono wa kushoto, kiganja nje, kumwonya mgeni. Wa kulia umeshika shoka. Lakini kofia za vita na mataji yanameguka, na macho yamefifia. Ziliwekwa kulinda mpaka wa kaskazini. Nguvu ya ufalme imepungua, onyo bado limeinuliwa. Frodo, mhusika mkuu wa riwaya, akipita chini yake mashuani, anajikunyata kwa woga. Ukubwa wa jiwe tunaupimia mgongoni mwake.

Tatu, mikono iliyoligusa. Hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote. Kwenye njia panda ya Ithilien, eneo la Gondor, ameketi mfalme wa mawe. Maadui wamemkata kichwa, na mahali pake wamebandika jiwe la mviringo lililochorwa uso unaokenua, wenye jicho moja jekundu. Kichwa chenyewe kimelala kando ya barabara. Jua la machweo linapokimulika, Frodo anaona mmea unaotambaa, wenye maua madogo meupe, umekizunguka kipaji kama taji. Kuna aliyechonga, kuna aliyevunja, na kuna kilichoota bila kutumwa na mtu. Enzi nzima imesimuliwa pale, na hakuna mhusika aliyelazimika kutoa somo la historia.

Mnara Mweupe wa Minas Tirith, Tolkien ameupa kimo kamili, kama futi 300, na wasomaji wengi hawaikumbuki namba hiyo. Mfalme wa njia panda hakupewa hata futi moja. Muulize aliyesoma kitabu hicho miaka kumi iliyopita: atakutajia maua.