Kiambishi -m- katika Lugha ya Vita vya Kagera: Kutoka "Kumpiga" hadi Mkutano wa Moshi

Uhakiki wa propaganda za Vita vya Kagera (1978–1979) kwa kawaida huanzia kwenye uongo wa dhahiri. Uganda ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyotangulia kuvamia. Kisha, tarehe 1 Novemba 1978, Idi Amin akatangaza kuwa ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera imekuwa sehemu ya Uganda. Madai ya aina hii hukanushika kwa ramani na kwa ushahidi wa waliofukuzwa makwao. Yapo mengine yanayojificha katika sarufi, na hayo ramani haiyafikii.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 hukumbukwa kwa utatu wake wa uwezo, sababu na nia. Takriri hiyo inavutia, lakini uzito wa hoja umo katika kitenzi *kumpiga*. Kiambishi cha yambwa -m- ni cha umoja: anayepigwa ni mtu mmoja, Waganda hawamo. Jina *nduli* lilikamilisha kazi hiyo kwa kumtenga Amin na jamii ya watu. Uteuzi huo ulikuwa na tija. Kwa kuwa Waganda hawakufanywa adui, vikundi vyao vya uhamishoni viliweza kukutana Moshi, chini ya Kilimanjaro, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, vikaunda UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili.

Hata hivyo, kiambishi hichohicho kilificha. Mwezi mmoja kabla ya mkutano huo, miji ya Masaka na Mbarara ilikuwa imeharibiwa vibaya na majeshi ya Tanzania. Wakazi wake hawakuwa nduli, wala hawana nafasi katika -m-. Maandishi yaliyofuata yalirithi sarufi hiyo: *Kuzama kwa Idi Amin* cha Baldwin Mzirai (1980) na *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada* wa Henry Muhanika (1981) vinavifungamanisha vita na mtu mmoja tangu jaladani.

Tanzania ilivamiwa, na haki yake ya kujilinda haina shaka. Haki hiyo haiiepushi lugha yake na uhakiki. Msomaji anayeuliza kama habari ni ya kweli atamnasa mwongo. Anayeuliza pia kiambishi kinamtaja nani na kinamwacha nani ataugundua ukweli uliopunguzwa, hata unapotamkwa na upande wake mwenyewe.