Mtendaji Aliyefichwa: Suala la Dhamana katika Tawasifu ya J. M. Kariuki

Tawasifu ya Josiah Mwangi Kariuki, Mau Mau Detainee (1963), aghalabu husomwa kama kumbukumbu ya ushujaa wa mtu mmoja. Usomaji huo una haki yake, lakini unalipunguzia uzito swali kuu la kitabu: dhuluma inapotendwa kwa amri ya serikali na kwa mkono wa askari, nani hubeba dhamana?

Kariuki alizaliwa mwaka 1929 katika eneo la Nakuru, miongoni mwa maskwota wa mashamba ya walowezi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka uliofuata alikamatwa mjini Nakuru, akahamishwa kambi baada ya kambi hadi 1960, bila kushtakiwa mahakamani. Ukweli huu wa kihistoria ndio unaoeleza umbo la kazi yenyewe. Kwa kuwa hapakuwa na mahakama iliyomsikiliza, tawasifu inashika nafasi ya ushahidi, na msomaji anakalishwa kitini pa hakimu.

Suala la dhamana ni suala la lugha pia. Katika Kiswahili, sentensi "walipigwa" inakamilika bila kumtaja mpigaji. Kauli ya kutendeka, kama katika "walivunjika", humfuta mtendaji kabisa. Utawala wa kikoloni uliijua vyema faida ya ufutaji huo. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, lakini taarifa ya awali ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. "Kuuawa" kukageuzwa kuwa "kufa". Kariuki anapinga mbinu hii kwa kumrejesha mtendaji mahali pake: askari mwenye rungu, mkuu wa kambi, na nyuma yao ofisi zilizotoa idhini. Barua za malalamiko anazozituma kutoka kizuizini zina kazi muhimu kimuundo. Kila barua hupanda ngazi ya madaraka, hivi kwamba aliye juu hawezi tena kudai kuwa hakujua. Aidha, anapowakumbuka maofisa waliowatendea mahabusu kwa utu, hawapunguzii wengine hatia. Anathibitisha kwamba nafasi ya kuchagua ilikuwapo, na hivyo kisingizio cha kutii amri kinadhoofika.

Hata hivyo, tawasifu hii ina mpaka wake. Inamalizikia katika moyo wa maridhiano, na maridhiano hayo yana historia yake mjini Nakuru. Huko, tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi, akahimiza pande zote zisameheane. Tofauti kati ya matini hizi mbili ni kubwa: kitabu hutaja kosa ndipo kikasamehe, ilhali hotuba ilitangulia kusamehe pasipo kosa kutajwa. Njia ya pili ndiyo iliyopata nguvu ya dola. Chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003. Kariuki mwenyewe aliuawa Machi 1975, chini ya serikali huru. Kamati ya bunge ilichunguza, lakini hakuna aliyetiwa hatiani.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Wazee waliofungua kesi London mwaka 2009 walikumbana na hoja kwamba dhamana ya serikali ya kikoloni ilirithiwa na Kenya mwaka 1963. Mwaka 2011 mahakama ilikataa kuitupa kesi kwa msingi huo. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamikaji 5,228, lakini ikaendelea kukana dhamana ya kisheria. Nayo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyowasilisha ripoti yake Mei mwaka huohuo, ilipewa kuchunguza maovu yaliyotendwa kuanzia tarehe 12 Desemba 1963. Ukoloni uliingia humo kama usuli tu. Dola moja inaikomesha dhamana yake siku ya uhuru, na nyingine inaianzia siku hiyohiyo.

Mahabusu wa miaka ya hamsini wameachwa katika ufa huo. Uhakiki unaoishia kumsifu Kariuki kwa ustahimilivu huuacha ufa ulivyo. Unaofuatilia vitenzi vyake, na kuuliza kila mara nani alitenda na kwa idhini ya nani, huendeleza kazi aliyoianza.