Mtu wa Nyakati Mbili: Namna ya Kupima Kichekesho cha Safari ya Wakati

Katika kipindi cha kwanza cha Goodnight Sweetheart, tamthilia ya vichekesho iliyoanza kurushwa na BBC mwezi Novemba 1993, fundi televisheni aitwaye Gary Sparrow anapotea njia mashariki mwa London. Anakatiza kichochoro kiitwacho Duckett's Passage, anatokea upande wa pili na kuingia baa ya Royal Oak. Watu waliomo wamevaa na wanaongea kama watu wa picha za zamani. Gary anadhani ni baa iliyopambwa makusudi kwa ajili ya wateja wanaopenda mambo ya kale. Hajui kwamba ameiacha 1993 na kuingia 1940, na kwamba vita wanayoizungumzia wale watu ni vita kweli.

Kosa hilo linachekesha, lakini kulitunga si kazi ngumu. Mtu anayejiamini katikati ya watu wanaojua asichokijua ni mzaha wa tangu zamani; mgeni akiingia msibani akidhani ni harusini atachekesha vilevile. Anayejua kuionja kazi hii hamtazami Gary pekee. Anamtazama mwanamke aliye nyuma ya kaunta.

Anaitwa Phoebe, binti wa mwenye baa, na mumewe yuko jeshini. Mbele yake kasimama mwanamume wa ajabu mwenye maneno asiyoyaelewa, anayeiongelea vita kana kwamba ni mchezo. Usiku ule Gary anaburudika. Phoebe anaishi maisha yake, na kesho hana hakika nayo. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni kuuliza kila kicheko kimelipiwa na nani. Kama hakuna aliyelipa, kicheko hicho ni cha bei rahisi hata kama ukumbi mzima umeangua kicheko. Kama kuna mtu amelipa, na tunampenda, basi mwandishi ameanza kazi.

Waandishi Laurence Marks na Maurice Gran waliweka sharti moja dogo lililoibeba tamthilia hii kwa vipindi 58: saa hazisimami. Gary akikaa 1940 kwa saa moja, saa moja imepita nyumbani kwake vilevile. Zipo hadithi nyingi za safari ya wakati ambamo msafiri hurejea dakika ileile aliyoondoka, wala hakuna aliyejua kwamba alitoka. Sharti la namna hiyo ni rahisi kwa mtunzi, lakini huua vichekesho vya mahusiano, maana asiyekosekana haulizwi alikuwa wapi. Gary anaulizwa. Ana mke, Yvonne, mwanamke mwerevu mwenye malengo yake. Ving'ora vya ndege za Wajerumani vikimchelewesha kule, huku chakula kinapoa mezani na uongo mpya unatakiwa kabla hajavua koti.

Watu wa mitaani kwetu wana neno lake: 1940 ni nyumba ndogo ya Gary. Nalitaja kwa sababu linatupa kipimo cha pili, ambacho mtu anaweza kukitumia kwa kipindi chochote cha aina hii. Ondoa kichochoro, ondoa vita, iweke hadithi katika mji wowote wenye bwana mmoja na nyumba mbili. Bado inauma? Bado inachekesha? Kama kila kitu kimeporomoka, kipindi kilikuwa kinategemea mashine tu. Kama kimebaki kimesimama, rudisha safari ya wakati kisha uulize: imeongeza nini ambacho mume mwenye nyumba ndogo ya kawaida asingekuwa nacho?

Hapa ndipo tamthilia hii inapong'aa. Gary anajua vita itaishaje. London iliposhambuliwa usiku baada ya usiku kuanzia Septemba 1940, hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mji utapona, isipokuwa mtu mmoja aliyeusoma mwisho wake shuleni. Akimwambia Phoebe kwamba Ujerumani itashindwa, anamwambia ukweli mtupu, na Phoebe anauona ujasiri. Ujasiri huo si wake. Ameuazima kwenye vitabu vya historia. Lakini Phoebe anatulia kweli, na usiku unapita. Faraja ya kweli imetoka kwa mtu anayemdanganya karibu katika kila jambo jingine: kazi yake, kwa vile amejifanya mtu wa siri za serikali, safari zake, na nyimbo zake.

Ah, nyimbo. Gary anakaa kwenye piano la baa na kuimba nyimbo za Beatles kama tungo zake mwenyewe, miaka mingi kabla hazijatungwa. Ni mzaha uliorudiwa mara nyingi mno, na ndiyo maana unafaa kufundishia. Mzaha unaorudiwa lazima kila mara ubebe kitu kipya kati ya watu wawili. Katika vipindi vizuri, wimbo ni posa: Phoebe anaamini kwamba maneno yale yamemtoka mtu huyu kwa ajili yake, na sisi tunacheka huku tukimwonea huruma, maana hata pongezi anazopewa ni mali ya wizi. Katika vipindi dhaifu, wimbo unaimbwa ili sisi tuutambue tu, tujione wajuzi, basi. Ukijikuta unacheka kwa sababu umetambua kitu, wala si kwa sababu umemwelewa mtu, shuka daraja moja katika alama unazotoa.

Vitu anavyobeba Gary vipimwe hivyohivyo. Nchini Uingereza sukari na siagi viliwekewa mgawo Januari 1940, nguo Juni 1941, pipi na chokoleti Julai 1942. Gary anavuka na chokoleti na soksi za nailoni. Kwake ni manunuzi ya dukani ya dakika tano. Kwa Phoebe ni kitu ambacho mwanamke wa mtaa ule hakipati hata kwa kupanga foleni asubuhi nzima. Zawadi imemgharimu kidogo sana mtoaji, nayo ni kubwa sana kwa mpokeaji. Mwandishi asiyejali angeishia kwenye mshangao wa Phoebe. Mwandishi hodari anatuonyesha Gary akianza kuupenda mshangao ule, akianza kuuhitaji, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeshangazwa naye.

Fedha nazo zina kichekesho chao. Waingereza waliacha pauni ya shilingi 20, na shilingi ya peni 12, mwezi Februari 1971. Gary anazihitaji noti za zamani, na anayemtengenezea ni rafiki yake Ron, mchapishaji kwa kazi. (Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo marefu: shilingi iliyo mfukoni mwake ilirithi jina na ukoo wake kutoka kwa shilingi hiyohiyo.) Ron ndiye mtu pekee anayeijua siri. Tamthilia ya siri isiyo na Ron huchosha, kwa maana hakuna wa kumwambia mwenye siri, "Wewe una wazimu." Victor McGuire alimwigiza kama mtu mwenye matatizo yake ya ndoa, mropokaji, mwenye tamaa kidogo, lakini mwaminifu. Kwangu mimi, mahali pazuri kuliko pote katika misimu yote sita ni pale wawili hawa wanapokaa na kuzozana. Pale pana utani wa kweli: maneno makali yasiyovunja kitu, kwa sababu urafiki umeshatoa ruhusa.

Na nikitaja utani siwezi kupita bila kusema jambo ambalo naamini linamfanya mtazamaji wa Kiswahili aione kazi hii kwa jicho ambalo hata watungaji wenyewe huenda hawakulikusudia. Katika jamii zetu nyingi mjukuu humtania bibi yake kwa kumwita mke wangu, na bibi hujibu kwa kumlalamikia mumewe huyo mdogo kwamba hamletei matumizi. Kila mtu anacheka kwa kuwa miaka iliyo kati yao ni ukuta usiovukika. Sasa mtazame Gary, aliyezaliwa mapema miaka ya 1960, akimposa mwanamke aliyekuwa mtu mzima 1940. Phoebe angeweza kuwa bibi yake. Tamthilia imeubomoa ule ukuta na kuutia utani katika maisha. Ndiyo maana kuna wakati unacheka na kusisimkwa mwili kwa pamoja. Kipindi kinachokupa vyote viwili katika tukio moja kipe alama za juu bila kusita.

Kwa kulinganisha, tazama kipindi kiitwacho Backwards cha tamthilia nyingine ya vichekesho, Red Dwarf, cha Novemba 1989. Wahusika wanaangukia Dunia ambayo wakati wake unakwenda kinyumenyume, na kibao cha barabarani kinasomeka Nodnol badala ya London. Mmoja wao, Lister, anapata maumivu na jicho jeusi bila kujua sababu, kisha ugomvi unazuka katika baa na kila ngumi inamponya. Kwa ufundi wa mzaha mtupu sijaona vingi vya kukishinda: kanuni imewekwa, imefuatwa, na imelipa pale usipotarajia. Lakini ukimaliza kukitazama, hakuna mtu aliyebadilika moyoni kwa mwenziwe. Kazi ya namna hiyo ina heshima yake. Mimi naiweka rafu ya pili.

Kuna jaribio ambalo Goodnight Sweetheart ilipewa bila kuliomba. Baada ya misimu mitatu, waigizaji wa Phoebe na Yvonne, Dervla Kirwan na Michelle Holmes, waliondoka, wakaingia Elizabeth Carling na Emma Amos. Nicholas Lyndhurst akabaki na sura ileile ya Gary, akiwatazama wanawake wapya kama wa zamani. Tamthilia ikaendelea hadi msimu wa sita. Hilo linaniambia kwamba mahusiano yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi, hayakutegemea mvuto wa nyuso tu. Wapo wanaosema joto lilipungua. Nakubali kwa upande wa Phoebe. Kwa Yvonne naona kinyume chake.

Halafu njoo kwenye kipindi cha mwisho, Juni 1999. Ni siku ya ushindi barani Ulaya, Mei 1945. Gary anayaokoa maisha ya Clement Attlee, aliyekuja kuwa waziri mkuu Julai mwaka huo, na njia ya kurudi inajifunga. Amebaki kule. Anaandika ujumbe ukutani, unafunikwa kwa karatasi za ukuta, na zaidi ya nusu karne baadaye Ron na Yvonne wanazibandua na kuusoma. Safari ya wakati, iliyotumika misimu yote kuficha ukweli, sasa inauleta ukweli kwa mtu ambaye hawezi tena kujibu. Ada yote ya vicheko vile imedaiwa mara moja, na aliyetakiwa kuilipa ni Yvonne.

Mwaka 2016 BBC ilirusha kipindi kimoja cha nyongeza, Gary akiwa amefika 1962 na kisha kurudi kwenye wakati wetu, ambako ana binti asiyemjua. Kina matukio mazuri, hasa ya baba na binti. Hata hivyo ukuta wa 1999 ulikuwa umeshasema kila kitu.

Kama una jioni moja tu, tazama kipindi cha kwanza, kisha ruka hadi cha mwisho. Ukifika pale ukutani, usimfikirie Gary. Mtazame Yvonne anaposoma.