Woga wa Jambazi Una Hesabu: Ready or Not Ilivyotengenezwa

Katika gemu nyingi za bunduki adui ni shabaha tu. Anatokea, anapigwa, anaanguka, na mwingine anachukua nafasi yake. Vijana wanaocheza Call of Duty: Mobile au Free Fire kwenye simu, vibarazani Nguvumali na kwingineko Tanga, wameuzoea mwendo huo, nao unafaa kabisa kwa gemu za mashindano. Ready or Not ni gemu ya polisi na majambazi iliyojengwa kwa kanuni nyingine. Humo adui ana woga, woga wake unahesabiwa na kompyuta, na kazi ya mchezaji ni kuisukuma hesabu hiyo mpaka mtu atupe silaha chini kabla risasi haijatoka. Wengi wanaisifia kwa picha zake. Mimi naona ufundi wake mkubwa uko kwenye mambo mawili yasiyopigwa picha, yaani moyo wa mtuhumiwa na mlango.

Waliotengeneza ni VOID Interactive, kampuni iliyoanzia New Zealand. Toleo la majaribio lilianza kuuzwa Desemba 2021, toleo kamili likatoka Desemba 13, 2023, na Julai 2025 gemu ikafika kwenye PlayStation 5 na Xbox Series. Wachezaji hadi watano wanakuwa kikosi maalumu cha polisi katika Los Sueños, jiji la kubuni linalofanana na Los Angeles. Wanaitwa kwenda kituo cha mafuta, hospitali, bandari, nyumba inayopikiwa dawa za kulevya. Huko ndani kuna watu wenye silaha na raia wasio na hatia wamechanganyika, na hakuna ramani inayoonyesha nani yuko wapi.

Gemu hii ina ukoo, na bila kuujua ukoo huo huwezi kuelewa kwa nini inaadhibu risasi. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani iitwayo Sierra ilitoa Police Quest, iliyobuniwa na Jim Walls, aliyekuwa askari wa barabara kuu za California. Ukipanda gari la doria bila kulizunguka kwanza na kulikagua, safari yako inaishia hapo hapo. Hilo lilikuwa jambo jipya, kwa sababu adui wa mchezaji alikuwa uzembe wake mwenyewe. Baadaye Sierra ikamchukua Daryl Gates, mkuu wa polisi wa Los Angeles tangu 1978 hadi 1992, aliyeondoka baada ya kadhia ya Rodney King, raia aliyepigwa na polisi, kuliwasha moto jiji lake, na jina lake likapamba Police Quest: SWAT ya 1995. Inashangaza kwamba kutoka tawi hilo ndiko ilikotokea SWAT 4 ya mwaka 2005, gemu ya kampuni ya Irrational, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyofundisha fani hii adabu. Katika SWAT 4 kila tukio linapimwa kwa alama kati ya 0 na 100. Ngazi ya kawaida inataka 50, ngazi ngumu 75, na ngazi ya juu kabisa 95. Mtuhumiwa aliyefungwa pingu akiwa hai anakupa alama nyingi kuliko maiti. Ukimpiga risasi mtu ambaye hajakutishia unakatwa, na usipotoa taarifa kwa redio kuhusu majeruhi unakatwa pia. Kwenye ngazi ya 95, kosa moja la hasira linatosha kuifuta kazi ya nusu saa.

VOID walirithi mizani hiyo wakaibana zaidi. Alama ya juu, inayoandikwa kwa herufi S, haipatikani kama kuna mtuhumiwa aliyeuawa, hata kama sheria ilikuruhusu kumpiga.

Alama peke yake, hata hivyo, zisingetosha. Ukimwadhibu mchezaji kwa kufyatua risasi lazima umpe njia nyingine inayofanya kazi, na hapo ndipo moyo wa mtuhumiwa unapoingia. Kila mtuhumiwa anabeba namba ambayo watengenezaji huiita morali. Namba hiyo inashuka askari wanapopiga kelele za kumwamuru asalimu amri, bomu la mwanga na kishindo likilipuka karibu naye, moshi wa machozi ukimwingia, au mwenzake akianguka mbele ya macho yake. Haishuki sawasawa kwa wote. Kibaka wa kituo cha mafuta anavunjika haraka, ilhali mtu wa genge lenye mafunzo anaweza kupigiwa kelele mara nne akakutazama tu. Namba ikishafika chini vya kutosha, kompyuta bado inabahatisha. Mmoja anainua mikono, mwingine anakimbilia chumba cha nyuma, na yuko anayepiga magoti kisha akachomoa kisu askari anapokaribia na pingu.

Tazama kinachotokea kwenye kompyuta katika sekunde moja tu. Mlango umesukumwa, mtu amesimama karibu na kitanda, bastola mkononi imeelekea sakafuni. Mchezaji anabonyeza kitufe cha kupiga kelele. Programu inakagua kama sauti imemfikia mtu yule, inapunguza morali yake, na kama bado hajaamua inamchezesha tendo la kusitasita, bega linapanda, mkono wenye silaha unatikisika kidogo, macho yanaruka kutoka kwa askari mmoja hadi mwingine. Tendo hilo limewekwa makusudi ili mchezaji alisome. Binadamu anahitaji takriban milisekunde 200 hadi 250 kuitikia kitu alichokiona, kwa hiyo kusitasita kukiwa kufupi kuliko hapo, mchezaji hana la kuamua na atafyatua kwa hofu. Kukiwa kurefu mno, mtuhumiwa anakuwa mdoli. Ubora wote wa gemu unategemea upana wa mwanya huo, na VOID hawakuupata mara moja. Baada ya toleo kamili wachezaji wengi walilalamika kwamba majambazi walilenga na kupiga kwa kasi isiyo ya kibinadamu, na marekebisho yaliyofuata yakawapunguzia kasi. Malalamiko yale yalikuwa ya haki. Jambazi anayepiga kabla hujamwona vizuri anamfundisha mchezaji apige kwanza, na hapo mizani yote ya alama inakuwa mapambo.

Hili kwangu si jambo la starehe tu. Tanga inawajua watu wenye bunduki. Februari 2015 polisi na wanajeshi wa JWTZ walipambana na watu wenye silaha eneo la mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha, wengine wakajeruhiwa. Kijana wa hapa anayecheza gemu ya kupambana na uhalifu analeta kumbukumbu kama hizo, na ni halali atake gemu inayouheshimu uzito wa jambo hilo.

Sasa tuje mlangoni. Katika Ready or Not mlango una hali nyingi: umefungwa kwa ufunguo, umerudishiwa tu, una mtego wa waya, umezibwa kwa kabari. Askari anaweza kupenyeza kioo kidogo chini yake na kuchungulia, kuchokonoa kitasa, kuupiga teke, au kuulipua. Kabari ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ukiisukuma chini ya mlango usioutaka umepunguza idadi ya pande za kulinda, na hakuna aliyeumia. Mlango pia ndio unaolazimisha ushirikiano. Mtu mmoja akiingia chumbani anatazama pembe moja, na pembe ya pili inabaki nyuma ya sikio lake. Wawili wanatosha kwa chumba. Wa tatu anabaki ukumbini kulinda mgongo wao, na anayefunga pingu hawezi kushika bunduki kwa wakati huo huo. Watengenezaji hawakuhitaji kumwandikia mchezaji kwamba ashirikiane na wenzake, kwa sababu nyumba yenyewe inamwambia.

Wachezaji watano, kompyuta tano, lakini moyo wa mtuhumiwa uko mmoja. Unakaa wapi? Unakaa kwenye kompyuta ya mwenyeji, yaani mchezaji aliyefungua chumba na kuwaalika wengine. Hiyo ndiyo inayokokotoa morali, inayoamua nani amesalimu amri na mlango gani uko wazi, kisha inawatumia wengine matokeo. Kompyuta za wengine zinakisia mwendo wa mchezaji wao ili miguu isikwame, mbinu ambayo mtengenezaji gemu John Carmack aliieneza kwa gemu ya QuakeWorld mwaka 1996, lakini hazina ruhusa ya kuamua chochote kuhusu jambazi. Ukipiga kelele, kelele yako inasafiri hadi kwa mwenyeji, hesabu inafanyika huko, na jibu linarudi. Mwanya ule wa kusitasita unaliwa na safari hiyo.

Kwa mchezaji wa Tanga mpangilio huu ni heri. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hupita kilomita 200 hivi kwa milisekunde. Seva ikiwa Ulaya, njia ya kebo za baharini kutoka Dar es Salaam ni kilomita 10,000 au zaidi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla vifaa vya njiani havijaongeza zao. Gemu ya mashindano inayotegemea seva ya huko inakuacha nyuma daima, na kebo zikikatika, kama EASSy na Seacom zilivyokatika Mei 12, 2024, unakosa kabisa. Gemu ya kushirikiana inakuruhusu kumweka mwenyeji Nguvumali na wenzake Makorora au Duga, humu humu Tanga. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, ambako data za mitandao ya simu hupitia mara nyingi, ni kilomita 350 hivi kwa barabara, ambazo kwa nuru ni milisekunde tatu na ushee, kwenda na kurudi. Kinachobaki ni mnara wa simu, na huo huongeza makumi ya milisekunde zinazopanda na kushuka. Kwa hiyo mwenyeji awe yule mwenye mtandao uliotulia, hata kama kompyuta ya mwenzake ina kadi bora ya picha. Liko tatizo jingine, kwamba kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP, na kompyuta ya nje haiwezi kumfikia mwenyeji moja kwa moja. Hapo paketi za data hulazimika kupita kwenye seva za kupokezana, ambazo kwa duka la gemu la Steam zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai, na ujirani wa Nguvumali na Duga unageuka safari ya nje ya nchi. Dawa yake ni router moja na waya, wote chumba kimoja, ingawa kuna gemu za siku hizi zinazodai intaneti hata hapo. SWAT 4, iliyorudishwa sokoni na duka la GOG mwaka 2017, inachezeka kwenye mtandao wa ndani bila bando lolote, na kwa mashine za bei ndogo ningeanza na hiyo.

Nikitazama ramani za Los Sueños najiuliza nyumba zetu zingekuwaje humo. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kama zile za Ngamiani, hapa Tanga, kwenye barabara za namba. Kuna baraza mbele, mlango mkuu, ukumbi mwembamba unaokata nyumba katikati, vyumba vitatu kila upande, na mwisho wake ua wenye jiko na choo. Kwa kikosi cha watu watano huo ni mtihani mzito kuliko kituo cha mafuta. Milango ya ukumbini inatazamana, kwa hiyo ukiingia chumba cha kushoto umekipa mgongo cha kulia, na kabari hazitoshi. Kila chumba huenda kina familia yake, wapangaji wasiohusiana na jambazi kwa lolote. Bomu la kishindo ukumbini lingewapata watoto kabla ya yeyote mwingine. Mchezaji angebaki na sauti yake tu, na subira.

Halafu kuna pazia. Mchana mlango wa chumba cha Kiswahili huwa wazi na pazia limeshushwa, na pazia linavuruga kila nilichokieleza. Kioo cha kuchungulia chini hakina kazi. Jambazi wa kompyuta huona kwa mistari inayopigwa kutoka machoni mwake hadi kwa askari, kwa hiyo pazia lazima lizuie mistari hiyo lakini liache risasi na sauti zipite. Hilo kwenye injini ya Unreal, iliyotumika kujengea gemu hii, ni mpangilio mdogo tu. Ugumu uko kwenye upepo. Kitambaa kinachopepea huwa kinakokotolewa na kila kompyuta kivyake, kama pambo, bila kulinganishwa na nyingine. Mchezaji wa Nguvumali angeiona miguu ya mtu chini ya pindo, wa Duga asiione, na mwenyeji anayeamua kila kitu akawa na pazia la tatu. Anayetaka kuitengeneza nyumba hii kwa gemu ya kushirikiana itabidi aachane na kupepea kwa uhuru, alichukulie pazia kama mlango wenye hali chache, limeshuka, limeinuka robo, limefunuliwa, na kila hali itangazwe na mwenyeji kwa wote watano kwa wakati mmoja.