Besi Tatu Jukwaani Shanzu

Tangu bendi ya Them Mushrooms ilipotoa wimbo wa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hata kabla ya hapo, bendi za hoteli kutoka Nyali na Bamburi hadi huku kwetu Shanzu zimekuwa zikiwapigia wageni usiku baada ya usiku, na mwenye kuubeba mzigo wa ngoma yote, ijapokuwa ni nadra kutazamwa, ni mpiga besi. Ndiyo maana tulitenga jioni mbili, chini ya makuti, tupime sauti za magitaa matatu ya besi.

La kwanza lilikuwa Precision la Fender, la namna iliyoanza 1957, ambayo koili ya kinasa chake imekatwa vipande viwili. La pili Jazz Bass, lililozaliwa 1960 likiwa na vinasa viwili. Na la tatu StingRay la Music Man, la 1976, lenye kinasa kimoja kikubwa kilichosogea upande wa daraja, na priampu (kikuza sauti cha awali) ya betri ya volti 9 ndani ya mwili wake. Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, nayo hugeuza mtikisiko wa uzi wa chuma kuwa umeme. Na maadam uzi hautikisiki sawasawa urefu wake wote, kinasa kilicho karibu na daraja hutoa sauti kavu na kali, na kilicho karibu na shingo hutoa sauti nene.

Jioni ya kwanza tulikosea. Mpigaji mmoja, nyuzi za aina moja, mdundo ule ule wa chakacha, na wote tuliokuwapo tukalipa ushindi StingRay; kumbe priampu yake ilikuwa ikilipazia sauti kuliko wenzake, na sikio la mwanadamu, likisikia kilicho juu zaidi, aghalabu hukidhani kuwa ndicho kizuri zaidi. Jioni ya pili tulisawazisha nguvu kwa kipimo, wasikilizaji wakakaa wamelipa jukwaa mgongo, na ule ushindi ukayeyuka: Precision ndilo lililokaa vyema chini ya ngoma, Jazz likasema maneno yake waziwazi zaidi, na StingRay likabaki na ule ukali wake, ambao katika wimbo wa polepole ulichosha.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni mvumo. Umeme wa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na noti ya G, kwenye kituo cha tatu cha uzi mnene, hutikisika mara 49. Basi mpigaji alipofunga kinasa kimoja cha Jazz na kuishika noti hiyo, mvumo wa taa za jukwaa uliingia ndani yake, sauti ikawa inapanda na kushuka takriban mara moja kila sekunde, mfano wa maji yanayopwa na kujaa. Alipovifungua vinasa vyote viwili sawasawa, mvumo ulitoweka, kwa kuwa koili ya kimoja imezungushwa kinyume cha ya mwenzake na sumaku zake zimegeuzwa. Precision, kwa vipande vyake viwili, halina taabu hiyo.

Ama priampu, kazi yake kubwa hapa kwetu ni kuihimili safari ya waya. Tulipoacha waya wa mita 3 tukatumia wa mita 10, Precision lilipoteza ule mlio wa kidole kinapoacha uzi, ilhali StingRay halikupoteza kitu. Lakini tulipoweka priampu ya nje miguuni pa mpigaji, kabla ya waya mrefu, mlio ule ulirudi. Priampu huongeza na hupunguza, wala haiwezi kuleta kile ambacho kinasa hakikukipata. Fauka ya hayo, betri ikifa katikati ya wimbo StingRay hunyamaza, na chumvi ya bahari huku hula vishikizo vya betri upesi.

Kwa jukwaa la Shanzu, basi, nachagua Precision na priampu ya nje. Nanyi wapigaji mnaokwenda kununua, nawasihi: msilihukumu gitaa lolote dukani kabla ya kusawazisha nguvu za sauti.